Birika la kahawa na makaburi ya Mto Platte

Huku Denver theluji imeanza kuyeyuka, na kila Jumamosi barabara ya kupanda milimani inafurika magari yenye mahema na baiskeli juu yake.

Tangu nilipoweka hapa picha za kambi yetu kando ya kijito, swali limekuwa ni lile lile. Mbona kuna sufuria ya maji motoni, wakati maji ya kijito chenyewe ni meupe pe hadi changarawe za chini zinahesabika? Mjomba anasema ni uoga wa Kizungu umetuingia. Shangazi kaandika kwa upole, lakini naye kanichoma: maji ya namna hiyo tumeyanywa kwetu Usambara tangu utotoni, mbona hatukufa?

Nimeona nisijibu kwa mstari mmoja. Hili jambo lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita hapa hapa ninapoishi. Basi vuteni viti.

Katikati ya Denver unapita mto unaoitwa South Platte. Unatoka milimani, unashuka kwenye nchi tambarare, na ukifika Nebraska unakutana na ndugu yake, North Platte. Hapo inakuwa mto mmoja, Platte, unaokwenda kumwaga maji yake katika Mto Missouri. Si mto wa kutisha. Ni mpana sana lakini kina chake ni kifupi, na maji yake yamejaa mchanga. Hata hivyo kando ya mto huu wamezikwa watu wengi mno, na wengi wao waliuawa na maji ya kunywa.

Januari 1848 dhahabu ilionekana California. Habari zilipoenea, watu waliacha mashamba, maduka na hata wachumba, wakaanza safari ya kilomita zaidi ya 3,000 kutoka Mto Missouri hadi California, kwa magari ya turubai yaliyovutwa na maksai. Mwaka 1849 walikwenda California kwa njia hiyo watu wapatao 25,000. Mwaka 1850 walikuwa kama 44,000, na mwaka 1852 kama 50,000. Karibu wote walifuata bonde la Mto Platte, kwa sababu huko kulikuwa na majani ya mifugo, njia haina milima, na maji yapo. Walikuwa wahamiaji kama sisi tulioko huku: wameuza walichokuwa nacho, wameaga wazazi, wanatafuta maisha.

Sasa, mwaka huo huo kipindupindu nacho kilikuwa safarini. Desemba 1848 meli kutoka Ulaya zilikileta katika bandari za New York na New Orleans. Kutoka New Orleans kikapanda meli za mvuke za Mto Mississippi. Katika mji wa St. Louis peke yake kiliua watu zaidi ya 4,000 mwaka 1849. James Polk, aliyekuwa ametoka madarakani urais wa Marekani mwezi Machi, alikufa mwezi Juni mwaka huo huo, na inaaminika kuwa ni kipindupindu. Kutoka St. Louis meli ziliwapeleka wasafiri hadi miji ya Independence na St. Joseph, ambako walipiga kambi kwa wiki kadhaa wakisubiri majani yaote ndipo waondoke. Walipoondoka, ugonjwa ukaondoka nao.

Fikirieni hali ya njia ile. Msafara mmoja unalala mahali, asubuhi unaondoka. Jioni msafara mwingine unalala pale pale, kwa kuwa ndipo penye maji na majani. Keshokutwa wa tatu. Vyoo hakuna. Watu wanajisaidia nyuma ya gari au kwenye vichaka vya karibu, na mvua ikinyesha kila kitu kinateremkia mtoni. Maji ya Platte yalikuwa na tope, kwa hiyo wengi waliona ni akili kuchimba shimo fupi kwenye mchanga wa ukingoni na kusubiri maji yajichuje. Yalitoka maangavu kuliko ya mtoni, wakayanywa kwa furaha. Lakini shimo lile lilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye uchafu wa waliotangulia.

Kipindupindu hakina subira. Mtu aliyeamka mzima na kula staftahi aliweza kuzikwa kabla ya jua kuzama. Mwili unatoa maji yote kwa kuhara na kutapika, macho yanazama, ngozi inasinyaa, basi. Waliobaki walichimba kaburi la haraka, wakaendelea na safari kwa sababu baridi ya milimani ilikuwa inawasubiri mbele. Hakuna ugonjwa mwingine uliowaua watu wengi katika njia ile kuliko huo. Na wenyeji wa nchi, ambao hawakuita mgeni wala dhahabu, walilipa zaidi. Wapawnee walipoteza watu zaidi ya 1,000 mwaka 1849. Wacheyenne wa kusini nao walikufa kwa wingi hata koo nzima zikavurugika.

Hapa ndipo birika la kahawa linapoingia. Wahamiaji wale walipenda kahawa kupita kiasi. Walikunywa asubuhi na jioni, na ikiwezekana mchana pia, hata watoto. Kahawa haipikwi kwa maji baridi. Kwa hiyo kila aliyekunywa kikombe cha kahawa alikuwa amekunywa maji yaliyochemshwa, na vijidudu vilivyokuwamo vilikuwa vimeshakufa. Birika liliokoa maisha ya watu wengi bila mtu yeyote kujua kuwa linaokoa. Na kwa sababu hakuna aliyejua, mtu yule yule aliyekunywa kahawa asubuhi alipiga magoti mtoni saa sita mchana akanywa kwa viganja, na hapo hapo akaambukizwa.

Kwani hawakujua kuwa kuchemsha maji ni vizuri? Walijua, kwa namna fulani. Kuchemsha maji si uvumbuzi wa juzi. Mwanahistoria Mgiriki Herodotus, aliyeishi karne ya tano kabla ya Kristo, ameandika kwamba mfalme Cyrus wa Uajemi alipokwenda vitani alifuatwa na magari ya kukokotwa na nyumbu, yamebeba maji yaliyochemshwa ndani ya vyombo vya fedha. Wachina wamekunywa chai kwa karne nyingi. Tatizo halikuwa namna ya kuchemsha. Tatizo ni kwamba hawakujua maji gani ni ya kuogopwa, wala kwa nini.

Wakati ule madaktari wengi waliamini kipindupindu kinaletwa na hewa mbaya inayotoka kwenye vitu vilivyooza. Ukiamini hivyo, utaogopa dimbwi linalonuka, lakini chemchemi isiyo na harufu utainywa bila wasiwasi. Angalieni mfano huu. Mwaka 1859 nahodha wa jeshi la Marekani, Randolph Marcy, alitoa kitabu cha kuwaongoza wasafiri wa nyika, kinachoitwa The Prairie Traveler. Ni kitabu kizuri, kinaeleza mpaka namna ya kufunga mizigo juu ya nyumbu. Humo anashauri kwamba maji ya madimbwi yaliyotuama, yenye majani yaliyooza na wadudu, yachemshwe vizuri, povu liondolewe, kisha yatiwe unga wa mkaa. Ushauri safi kabisa. Ila ulielekezwa kwenye maji machafu kwa macho. Maji maangavu hayakuwa na mshitaki.

Mshitaki alikuwapo, lakini mbali, na hakusikilizwa. Katika majira yale yale ya joto ya 1849, magari yakiwa njiani kando ya Platte, daktari mmoja wa London aitwaye John Snow alichapisha kijitabu kinachosema kipindupindu kinaingia kwa mdomo, hasa kwa maji yenye kinyesi cha wagonjwa. Wakubwa wa tiba hawakumkubali. Mwaka 1854 ugonjwa ukalipuka mtaa wa Broad Street, Soho, ukaua watu zaidi ya 600. Snow alizunguka nyumba kwa nyumba, akaona waliokufa wengi walichota maji kwenye pampu moja. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ile uling'olewa.

Mambo mawili ya kisa kile yananigusa. La kwanza, pampu ile ilisifika kwa maji matamu. Kulikuwa na mama mjane aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali na pale, lakini aliyapenda maji ya Broad Street hata akawa anaagiza aletewe chupa kila siku. Aliletewa, akanywa, akafa. La pili, wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa mtaa ule ule walisalimika, maana walikunywa bia na maji ya kisima cha kiwanda. Baadaye ilionekana kuwa shimo la maji machafu lilikuwa karibu sana na kisima cha pampu ile, na humo yalikuwa yamemwagwa maji yaliyofuliwa nepi za mtoto mchanga aliyekuwa mgonjwa. Kwa macho na kwa ulimi, maji yale hayakuwa na kasoro.

Msidhani haya yalikuwa ya Wazungu peke yao. Wimbi lile lile la kipindupindu lililowafukia watu Platte lilizunguka dunia na kufika pwani yetu. Burton na Speke walipofika Kilwa mapema 1859 waliukuta ugonjwa unaua. Mwaka 1869 wimbi jingine likashuka na misafara ya biashara kutoka nchi ya Wamasai hadi Pangani, likavuka hadi Unguja. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu watu Unguja wakati huo, alifuatilia njia zake kwa kuwahoji wafanyabiashara na mahujaji, akaandika kitabu kizima kilichotoka mwaka 1876. Ukikisoma unaona mambo ni yale yale: msafara, kambi, kisima kimoja, na watu wanaosonga mbele wakibeba ugonjwa bila kujua. Huku magari ya maksai, kule wapagazi wa pembe za ndovu.

Ni mwaka 1884 ndipo Mjerumani Robert Koch, akifanya kazi Misri na kisha Calcutta, alipothibitisha kijidudu cha kipindupindu chenyewe. Mwitaliano Filippo Pacini alikuwa amekwishakiona kwa hadubini tangu 1854, lakini hakuna aliyemjali. Kuanzia hapo birika likapata maelezo yake: moto unaua kitu ambacho jicho halikioni.

Sasa turudi kwenye kijito changu cha milimani. Mtasema, huko juu hakuna misafara wala vyoo, kipindupindu kitoke wapi? Kweli, huku kipindupindu si tishio tena. Lakini kuna mkazi mwingine wa maji baridi, kimelea kinachoitwa giadia. Wa kwanza kukiona alikuwa Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek, mwaka 1681, alipochunguza kwa kioo chake choo chake mwenyewe wakati anaharisha. Kimelea hiki hukaa matumboni mwa watu na wanyama, na nje ya tumbo hujifungia ndani ya gamba gumu kikaishi kwenye maji ya baridi kwa wiki nyingi.

Mlipuko wa kwanza wa giadia kwa njia ya maji kuandikwa Marekani ulitokea jimbo hili hili la Colorado, katika mji wa Aspen, majira ya baridi ya 1965 na 1966. Waliougua walikuwa watalii waliokuja kuteleza kwenye theluji. Mwaka 1976 mji mdogo wa Camas, jimbo la Washington, watu wengi waliugua kwa maji ya bomba yaliyotoka kwenye vijito vya msituni, na wachunguzi walipofuata vijito hivyo wakakuta biva wenye giadia. Biva ni mnyama kama panya mkubwa sana, mwenye meno ya kuangusha miti, anayejenga bwawa na kuishi humo. Yeye hana choo cha shimo. Na siku hizi milima hii inapandwa na maelfu ya watu na mbwa wao.

Hapa nimjibu Shangazi, kwa heshima zote. Ni kweli sisi hatukufa. Lakini wanaoweza kusema "hatukufa" ni wale waliobaki. Sote tunajua kila familia ina majina ya watoto yasiyotajwa mara kwa mara, wale waliosemekana walipatwa na "tumbo" tu. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, kuhara bado kunaua karibu watoto 440,000 walio chini ya miaka mitano kila mwaka. Si wote ni kwa sababu ya maji, lakini maji machafu na ukosefu wa usafi yana sehemu kubwa. Na tumbo lililozoea maji ya chemchemi moja si ngao ya maji ya dunia nzima.

Wengine wameniuliza kwa nini nisitumie vidonge. Ninavyo, na kwa bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo vinafaa sana. Lakini kuna kimelea kingine, kriptosporidia, ambacho klorini inakisumbua kidogo tu. Mwaka 1993 kilipenya mitambo ya maji ya jiji la Milwaukee, na inakadiriwa watu 403,000 waliugua. Jiji la Marekani, lenye bomba kila nyumba, likatangaziwa lichemshe maji! Moto haubagui. Bakteria, virusi, giadia, kriptosporidia, vyote vinakufa.

Na sasa jambo linalohusu mifuko yenu huko. Wengi wetu tulifundishwa kwamba maji yachemke dakika 10, wengine 20. Mkaa ulivyo ghali, mtu akisikia dakika 20 anaona bora ayanywe hivyo hivyo. Ukweli ni kwamba vijidudu hivi havisubiri maji yachemke. Nyuzi joto 70 hivi, zikidumu dakika moja, zinatosha kuviua vingi, na sufuria yako inapita hapo muda mrefu kabla ya kutokota. Ndiyo maana CDC, idara ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, inasema maji yakishatokota sufuria nzima, yaachwe dakika moja tu. Ukiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika tatu.

Kwa nini tatu? Kwa sababu kadiri unavyopanda, maji yanachemka kwa joto dogo zaidi. Pwani yanachemka kwa nyuzi 100. Hapa Denver, mita 1,600, ni nyuzi 95 hivi, na Lushoto mjini ni karibu sawa na hapo. Kileleni Kilimanjaro ni nyuzi 80 hivi tu, ndiyo maana maharage huko yangekutoa machozi. Hata nyuzi 80 zinaua vijidudu, ila unaongeza dakika kidogo kwa usalama. Kwa hiyo aliye Tanga au Lushoto mjini ni dakika moja, aliye Kitulo ni tatu. Zinazobaki ni mkaa unaoungua bure.

Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi. Huko Bangladesh, utafiti uliochapishwa 2003 ulionyesha kwamba vijiji vilivyochuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa vilipunguza kipindupindu karibu kwa nusu, bila hata kuchemsha. Khanga kuukuu mnazo. Chujeni, kisha chemsheni, kisha yaacheni yapoe humo humo yakiwa yamefunikwa. Na tafadhali, kikombe cha mkono wa kila mtu kisizame ndani ya ndoo, maana hapo mmerudi kando ya Platte.

Ila moto nao una mpaka wake, na hili historia ya hapa inalionyesha vizuri. Mwaka 1859 wachimba dhahabu walimiminika Colorado, wakatoboa milima hii kila upande. Wameondoka zamani, lakini mashimo yao bado yanatoa maji yenye metali za sumu. Agosti 2015 mgodi wa zamani wa Gold King ulipasuka, na Mto Animas ukageuka rangi ya chungwa. Sumu ya namna hiyo haichemki ikaisha. Ukichemsha, maji yanapungua na sumu inabaki ile ile. Ndugu zetu wa Geita na kwingineko ambako wachimbaji wadogo huoshea dhahabu kwa zebaki walijue hili: kijito kinachopita machimboni hakisafishwi na sufuria. Hapo ni kutafuta chanzo kingine.

Basi ndiyo sababu ya ile sufuria. Sidai kwamba maji ya milimani ni mabaya yote. Ninachosema ni kwamba macho yetu hayana uwezo wa kuyahukumu. Wale wa Platte walikuwa na mto, kuni au kinyesi kikavu cha nyati cha kuwashia moto, na birika ndani ya gari. Kila walichohitaji walikuwa nacho isipokuwa habari moja tu, na habari hiyo sisi leo tunayo bure.

Mkimaliza kusoma, msomeeni na Bibi, maana najua macho yanamsumbua. Nisalimieni wote.